Chenga za usiku: jinsi ya kupandanisha picha za anga ukiwa Mtwara

Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa safi. Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, imesimama juu ya bahari, ngalawa imelala mchangani, mnazi mmoja pembeni. Umefika nyumbani, umeifungua kwenye kompyuta, umeikuza kidogo, na anga lote limejaa punje nyekundu, kijani na buluu, kama mtu amemwaga ulezi juu ya kanga nyeusi. Hizo ndizo chenga. Wengi wakizikuta huanza kuulizia bei ya kamera kubwa zaidi. Mimi nasema zuia hela yako kwanza. Kamera hiyohiyo ikipiga picha 16 za anga lilelile, zikapandanishwa vizuri, yaani zikalazwa moja juu ya nyingine na kuchukuliwa wastani, chenga zinabaki robo. Gharama yake ni dakika nne za kusimama gizani na saa moja mbele ya kompyuta.

Kwa nini robo? Chukua msimu wa korosho. Gunia linaning'inizwa kwenye mzani unaoyumba. Ukisoma mara ya kwanza unapata kilo 81, ya pili 79, ya tatu 80 na nusu. Hakuna usomaji mmoja wa kuapia, lakini ukisoma mara 16 ukatafuta wastani, yaliyozidi na yaliyopungua yanafutana, unabaki karibu na uzito wenyewe. Pikseli ya kamera, ile nukta ndogo inayopokea mwanga, gizani ni mzani wa namna hiyo. Mwanga wa nyota haumiminiki kama maji ya bomba. Unadondoka chembe moja moja bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Ndani ya sekunde 15 pikseli hii inaweza kupata matone 40, jirani yake 33, ilhali zote zimeelekezwa kwenye giza lilelile. Tofauti hiyo ndiyo jicho linaiona kama punje. Ukichukua wastani wa picha nyingi, chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 zinazifanya nusu, 9 theluthi, 16 robo. Kufikia sehemu ya kumi unahitaji picha 100, na mimi sijawahi kuwa na subira hiyo. Kati ya 16 na 25 ndipo faida ilipo.

Lipo kosa jingine ambalo wastani hauliponyi. Mzani ambao hata bila gunia unasoma kilo mbili, usome mara elfu, kilo mbili hizo hazitoki. Sensa ya kamera, kile kibao chenye pikseli zote, nayo ina pikseli zilizoharibika zinazowaka zenyewe, na joto lake. Dawa ya hilo ni kusoma mzani mtupu, nitaifikia chini.

Na kikwazo cha tatu ndicho kinachofanya kazi hii iwe na ufundi: nchi imesimama, mbingu inazunguka. Nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, maana yake nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Ni kidogo, lakini kwa lenzi ya milimita 20 kwenye kamera ya sensa kamili yenye megapikseli 24, nyuzi 1 ni karibu pikseli 60. Ukizibandika picha 16 kama zilivyo, ngalawa itatoka safi na kila nyota itakuwa mchirizi. Ukizisogeza zifuate nyota, anga litatulia na ngalawa itakuwa kama imepigwa na mlevi. Kwa hiyo tunapandanisha mara mbili, anga kivyake na nchi kivyake, kisha tunaziunganisha. Mengine yote katika mwongozo huu yanatumikia jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: chagua usiku kwa mwezi, na usisahau maji

Njia Nyeupe inataka usiku usio na mwezi: siku tatu nne kabla ya mwezi kuandama na kama tatu baada yake. Aliye bara anaishia hapo. Aliye pwani ana la kuongeza, kwa sababu siku hizohizo ni za bamvua; bahari inakupwa mbali na inajaa juu kuliko siku nyingine. Mimi nilikuwa nikiangalia mwezi tu, hadi usiku mmoja nikiwa nimesimika stendi kwenye mchanga mtupu upande wa Msangamkuu akapita mzee mmoja na kasia begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaotea nini hapa na huo mguu wa chuma?"

Nikamweleza kwamba napiga picha za nyota, ndiyo maana nimesubiri giza. Akacheka.

"Basi kalenda yetu moja. Sisi wa dagaa tunatoka na taa wakati wa giza, mbalamwezi tunakaa tunashona nyavu. Ila hapo uliposimama, saa nane maji yatakushika kiuno."

Nilihama. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mwandamo maji hufika mwisho wa kukupwa karibu na saa nne usiku, na hujaa kufikia saa kumi alfajiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukilijua hilo, bamvua linageuka kuwa msaada. Ngalawa inayoelea haifai kabisa kwa kazi hii, kwani inayumba kati ya picha na picha na mwisho wake ni ukungu wenye mlingoti. Ngalawa iliyopwelewa haitikisiki hata kidogo. Saa tatu hadi saa tano usiku, maji yakiwa mbali, una mandhari ya mbele iliyotulia kama jiwe.

Mwezi ninaoupenda ni Mei. Mvua kwa kawaida zimekatika au zinamalizikia, na kusi haijapamba moto. Zaidi ya hapo, sehemu nono ya Njia Nyeupe, pale makundi ya nyota ya Nge na Kausi yanapokaribiana, inachomoza kusini-mashariki, yaani baharini: mwanzoni mwa Mei karibu na saa tatu usiku, katikati ya mwezi karibu na saa mbili, na mwishoni giza linapoingia tu. Saa mbili baada ya kuchomoza imepanda kama nyuzi 25. Nyosha mkono uhesabu ngumi. Kila ngumi ni karibu nyuzi 10, hivyo ni ngumi mbili na nusu juu ya maji. Katikati ya Mei hiyo ni saa nne usiku, saa ileile ambayo maji ya mwezi mwandamo yamekauka. Sijui usiku mwingine wowote wa mwaka unaopangika vizuri hivyo.

Julai na Agosti anga ni safi zaidi, lakini kufikia saa tatu au nne usiku sehemu hiyo iko karibu utosini, inapanda hadi nyuzi 71, na kuiweka pamoja na nchi inabidi kamera isimame wima au upige vipande vya kuunganisha. Septemba na Oktoba inalala kusini-magharibi, upande wa bara.

Hatua ya pili: mahali

Swali la kwanza ni mji uko upande gani. Mikindani ina majengo ya kale, mibuyu, na ngalawa za kutosha, na kila mgeni hukimbilia huko. Lakini ukisimama Mikindani ukatazama kusini-mashariki, mbele yako ndiko mji wa Mtwara ulipo, kilomita 10 hivi, na mwanga wake unapanda palepale unapotaka anga la pembeni mwa Njia Nyeupe liwe jeusi. Kwa Mei, Mikindani naiacha. Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba kutoka mjini, ni bora. Mji unabaki mgongoni, bahari mbele. Uliza mapema kivuko cha mwisho ni saa ngapi, au panga kulala hukohuko.

Msimbati ni nyeusi kuliko zote nilizofika. Imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na mpaka wa Msumbiji uko jirani. Mtu mwenye tochi na chuma cha miguu mitatu ufukweni usiku ataulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, jitambulishe, acha namba yako. Dakika kumi hizo zimeniokolea usiku mzima zaidi ya mara moja.

Kwa Septemba na Oktoba nenda Masasi, ile milima ya mawe inayosimama peke yake uwandani. Jiwe halitikiswi na upepo. Kwa mtu anayeanza kupandanisha picha, hakuna mandhari ya mbele rahisi kuliko jiwe, na hakuna ngumu kuliko mnazi.

Hatua ya tatu: isimamishe stendi kama hutaigusa tena

Mchanga uliotoka kufunikwa na maji unaonekana mgumu, lakini ukiweka stendi inazama polepole, milimita kwa milimita, wakati wewe unahesabu nyota. Picha ya kwanza na ya kumi na sita hazitalingana nchi, na hakuna programu itakayokuambia kwa nini. Okota vifuu vitatu vya nazi, vifudikize, weka kila mguu juu ya kimoja, kandamiza kwa uzito wako wote, kisha subiri dakika tano kabla ya kuanza. Vifuu havikosekani pwani hii.

Kusi ikivuma usirefushe nguzo ya katikati, na fungua miguu mipana. Watu huning'iniza begi katikati ya stendi ili iwe nzito. Sawa, lakini begi linaloning'inia nalo hupigwa na upepo likawa kengele. Literemshe hadi liguse mchanga. Vua mkanda wa kamera, nao hupepea. Mvuke wa chumvi hutua kwenye lenzi bila kelele, hivyo kila baada ya dakika kumi na tano iangalie kwa tochi hafifu, ukae na kitambaa kikavu cha pamba mfukoni.

Hatua ya nne: kuiandaa kamera

Piga faili ghafi, zile za RAW. Kwa JPEG kamera imeshaamua yenyewe chenga zipi zifutwe, na imefuta na nyota ndogo. Rangi ya mwanga iweke namba moja isiyobadilika, kama 4000. Ukiiacha ijichagulie, picha 16 zitakuja na rangi 16. Kitulizaji cha mtikisiko kizimwe, kwani kikiwa juu ya stendi hutafuta mtikisiko usiokuwepo.

Tundu la lenzi lifungue hadi f/2.8 kama linafika (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi inayoanzia f/3.5 inafaa pia. Ongeza idadi ya picha badala ya kulalamika. ISO, kipimo cha kamera kukuza mwanga, iwe 3200 hadi 6400. Wapo wanaoogopa ISO kubwa wakidhani ndiyo inayozaa chenga. Chenga zinazaliwa na uhaba wa mwanga. ISO inazikuza tu uzione.

Muda wa kila picha ndio wenye hesabu. Kanuni ya zamani inasema gawanya 500 kwa milimita za lenzi: kwa milimita 20 unapata sekunde 25. Ilifaa filamu. Kwa sensa za leo nyota zitakuwa mifano ya punje za mchele. Mimi nagawanya 300, napata sekunde 15. Kama kamera yako ina sensa ndogo ya APS-C, zidisha kwanza milimita kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Lenzi ya 18 inakuwa 27, na 300 kwa 27 ni sekunde 11. Uzuri wa kupandanisha ni kwamba muda mfupi haukuumizi sana, kwa sababu mwanga unaukusanya kwa wingi wa picha.

Sasa kitu kimoja ambacho nimewahi kukisahau na kulipia. Kamera nyingi zina kipunguza chenga cha picha za muda mrefu. Kikiwa kimewashwa, kamera ikimaliza sekunde 15 inafunga shata na kukaa sekunde 15 nyingine ikijipiga giza lake yenyewe. Nilisimama Msimbati nikishangaa mbona taa nyekundu haizimi. Dakika nane zilipita badala ya nne, mbingu imehama mara mbili, na pembe za picha hazikupatana tena. Kizime. Giza tutalipiga wenyewe, mara moja, mwishoni.

Kulenga nyota, yaani kuzifanya zitoke wazi bila ukungu: weka lenzi kwenye kulenga kwa mkono, washa kioo, tafuta nyota kali, ikuze hadi mwisho wa kamera kukuza. Mwezi Mei, Rijili Kantori na jirani yake, zile mbili zinazoelekeza Salibu, msalaba wa nyota wa kusini, zinafaa sana. Zungusha pete hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe juu ya pete. Usiamini alama ya duara mbili iliyoandikwa kwenye lenzi. Kwenye lenzi yangu inadanganya.

Mwenye simu tu asijione nje. Simu kadhaa zinafanya kazi hii zenyewe: Pixel 4 ya Google, ya mwaka 2019, ilikuja na uwezo wa kupiga hadi picha 15 za sekunde 16 na kuzipandanisha ndani ya simu. Iegemeze vizuri uiache. Hutakuwa na mamlaka juu ya nchi na anga kama nitakavyoeleza, lakini picha itakuwa safi.

Hatua ya tano: picha za anga

Weka intavalomita, kifaa kinachoifanya kamera ijipige kwa vipindi, au kirimoti cha kufunga, ipige picha 16 hadi 20 mfululizo zenye nafasi ya sekunde moja tu katikati. Usikague kioo. Usitembee karibu na stendi kama mchanga ni laini. Zima tochi ya kichwani, na mwombe uliyekuja naye afanye hivyo pia. Taa za wavuvi wa dagaa zitakuwepo upeoni, nyeupe na kali. Usinune, zitashughulikiwa kwenye kompyuta, na binafsi mara nyingine naziacha, kwa kuwa ndivyo bahari ya Mtwara inavyoonekana usiku wa giza.

Ukimaliza, angalia picha ya kwanza na ya mwisho tu. Nyota zikiwa nukta katika zote mbili na ngalawa ikiwa haijahama, umefaulu.

Hatua ya sita: picha za nchi

Nchi haizunguki, kwa hiyo picha zilezile 16 tayari zina nchi ya kupandanisha. Kwa mandhari iliyo mbali, kama mstari wa pwani au mlima, inatosha. Kwa ngalawa iliyo mita tatu mbele yako haitoshi, maana umelenga nyota na yenyewe imefifia. Bila kugusa stendi, lenga upya kwenye ngalawa ukiimulika kwa tochi sekunde chache, zima tochi, shusha ISO hadi 1600, panua muda hadi dakika 2, piga picha nne hadi sita. Nyota zitakuwa michirizi; hatuzihitaji katika hizi.

Mnazi una shida yake. Makuti yanacheza, na wastani wa makuti yanayocheza ni moshi wa kijani. Suluhisho langu ni kufika mapema. Jua linatua Mei saa kumi na mbili na dakika chache. Simika stendi, panga picha yako, na kama dakika 25 baada ya jua kuzama piga picha tatu nne za nchi kwa ISO 100 au 200, sekunde chache kila moja, subiri upepo upumue kidogo. Kisha kaa na stendi yako hadi usiku. Inachosha, na chai ya chupa inasaidia.

Hatua ya saba: kusoma mzani mtupu

Funika lenzi kwa kifuniko chake, na tundu la kutazamia pia kama kamera ni ya kioo cha ndani, zile za DSLR. Kwa muda uleule na ISO ileile ya picha za anga, piga picha 15 za giza. Hizi zinarekodi zile pikseli zinazowaka zenyewe na wekundu wa joto pembeni, ili programu ivitoe.

Hapa wengi huokoa muda wakasema watazipiga nyumbani. Nyumbani kuna feni. Usiku wa pwani yetu ni wa joto na unyevu, kamera imeshapiga picha nyingi mfululizo na imepata moto wake; sensa iliyopoa haitoi makosa yaleyale. Zipige papo hapo, huku ukikunja vitu vingine.

Hatua ya nane: kwenye kompyuta

Kwa Windows natumia Sequator, ni ya bure na inafanya jambo letu lenyewe. Kwa Mac ipo Starry Landscape Stacker, ya kulipia, inayofanya kazi kwa mtindo unaofanana. Siril ni ya bure kwa mifumo yote na ina nguvu kubwa, lakini inajua anga peke yake. Nchi utaiunganisha mwenyewe.

Ndani ya Sequator, pakia picha 16 kwenye sehemu ya picha za nyota. Itachagua moja kuwa msingi. Mimi huichagua ya katikati, ya nane, ili kuhama kwa mbingu kugawanyike nusu huku na nusu kule. Pakia picha za giza kwenye sehemu iliyoandikwa Noise images. Kwenye mtindo wa kupanga chagua Align stars, kisha Freeze ground. Kitufe hiki cha pili ndicho kinachopandanisha nchi kivyake. Halafu lazima uionyeshe anga linaishia wapi. Kama upeo ni bahari, mstari ulionyooka unatosha. Kama kuna mnazi, paka eneo la anga kwa brashi na usiingie kwenye makuti; ukisita, acha makuti upande wa nchi. Vikolombwezo vingine, vya kuongeza nyota au kupunguza mwanga wa mji, viache vimezimwa mara ya kwanza uone picha yenyewe ilivyo. Hifadhi kama TIFF ya biti 16.

Usisafishe picha kabla. Ukipunguza chenga au kunoa kila moja peke yake, unaibadilisha ile bahati nasibu ambayo wastani unaitegemea, na zile punje zilizopakwa zinagandamana kuwa madoa.

Ukipendelea kwa mkono kwenye Photoshop: fungua picha zote kama matabaka, ficha nchi katika kila tabaka, zilinganishe kwa nyota, zigeuze kuwa kitu kimoja cha smart object, kisha chagua wastani (Mean) au namba ya kati (Median). Tofauti yao inafaa kujua. Wastani husafisha zaidi, ila ndege ikipita katika picha moja huacha mzimu wake. Namba ya kati huitupa ndege, setilaiti na taa ya mvuvi aliyehama, lakini huacha chenga nyingi kidogo, karibu robo zaidi. Siril ina njia ya tatu, inayochuja kwanza yaliyopita kiasi na kuchukua wastani wa yaliyobaki. Kama umeizoea, itumie hiyo.

Kisha leta picha ya nchi ya dakika mbili, au ile ya baada ya jua kuzama, iweke chini ya anga, na paka kwa brashi laini kwenye mstari wa kukutana. Nchi iwe nyeusi kuliko unavyotamani. Ngalawa inayong'aa kama mchana chini ya Njia Nyeupe inamwambia kila mtu kuwa picha ni mbili.

Ukague kabla hujaanza kupaka rangi

Kuza sehemu moja yenye giza, iweke kando ya picha moja ya awali kwa ukubwa uleule. Tofauti inapaswa kukufanya utabasamu. Ukanda mwembamba juu kabisa ya maji utakuwa na chenga zaidi, kwa sababu mbingu ilikuwa inapanda na baadhi ya picha hazikuwa na sehemu hiyo, ni kawaida. Pembe zikiwa na nyota zilizorefuka, lenzi pana imezipinda na programu haikuweza kuzipatanisha, kata kidogo.

Ukiona michirizi hafifu ya rangi, yote imeelekea upande mmoja kama mvua ya upepo, hizo ni zile pikseli zinazowaka. Programu ilipozisogeza picha zifuate nyota, pikseli hizo zikaburutwa nyuma yake, picha kwa picha. Maana yake hukupiga picha za giza, au zilipigwa kwa joto jingine. Usizifute kwa brashi. Subiri usiku wenye joto linalofanana, toka nje barazani, ipashe kamera kwa picha ishirini za bure, funika lenzi, piga picha 15 za giza kwa muda uleule na ISO ileile, kisha rudi Sequator uanze upya na faili zako za RAW.